Uso Wako Umo Ndani ya Mashine ya Presha

Maneno haya niliyasema mbele ya wahamasishaji wa afya ya jamii waliokusanyika Manyatta, Kisumu, nikiwa muuguzi mstaafu aliyeitwa kuzungumza nao asubuhi moja. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Vicheko nimevipunguza, na yale maswali ya posho nimewaachia wenye majibu.

Wenzangu, amosou. Mliovuka kutoka upande wa Vihiga, mulembe. Na nyote mliobaki, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie presha. Kufunga mkanda na kubonyeza kitufe mnajua, kwa hiyo hilo sitalirudia. Nataka tuongee juu ya kitu ambacho hakimo ndani ya mkoba mliokabidhiwa na serikali mwaka 2023, ingawa kila mlango mnaoubisha mnaingia nacho. Ni uso wako na sauti yako.

Nilikuwa na miaka miwili kazini, katika zahanati ambayo sitaitaja. Siku ya kliniki foleni ilitoka nje ikapinda hadi kwenye mwembe. Nilikuwa peke yangu, chai sijaionja, na tangu asubuhi nilikuwa nikifokea watu. Akaingia mzee mmoja, mvuvi wa Dunga, kofia mkononi, harufu ya omena imemtangulia. Nikamwuliza kadi yake iko wapi kwa sauti ambayo hadi leo nikiikumbuka natahayari. Akapapasa mifuko. Nikamfunga mkanda huku nikimwita mgonjwa anayefuata. Wakati ule mashine zilikuwa za zebaki, za kupampu kwa kipira. Nikapata 170 kwa 100. Nikapima tena papo hapo, ikawa 176. Nikachukua kalamu niandike rufaa.

Metroni wetu alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Hakunigombeza. Alimwambia mzee, "Jaduong', njoo ukae nami hapa nje." Wakakaa kwenye benchi chini ya mwembe. Akamwuliza habari za ziwa, kama mbuta wanapatikana au ni hadithi tu. Kisha wakanyamaza, wawili hao, kama watu wanaongoja matatu. Baada ya robo saa hivi akampima. Mashine ile ile, mkono ule ule: 136 kwa 82.

Aliporudisha mashine mezani kwangu aliniambia maneno machache tu: "Ile ya kwanza haikuwa presha ya mzee. Ilikuwa yako."

Nilidhani ananipiga kijembe. Ilinichukua miaka kujua kwamba alikuwa akinieleza jambo la kisayansi. Mwaka 1983 daktari Mwitaliano Giuseppe Mancia na wenzake wa mji wa Milan walichapisha kazi ambayo nilipoisoma nilimwona yule mzee na kofia yake. Waliwaingizia wagonjwa mrija mwembamba ndani ya ateri, ukawa unarekodi presha mchana na usiku bila mtu kuwagusa. Kisha daktari akaingia chumbani na kupima kwa mkanda, kama sisi tufanyavyo. Mrija ule ukatoa siri. Daktari alipofika tu, presha ya mgonjwa ilianza kupanda. Kwa wastani namba ya juu ilipanda takriban 27, na ya chini takriban 15. Kilele kilikuwa katika dakika za mwanzo, na dakika kumi zilipokwisha sehemu kubwa ilikuwa imeshateremka.

Hebu pigeni hesabu. Mtu wa 120, ambaye hana tatizo lolote, ukimwongezea 27 anakuwa 147. Ameshavuka 140, ule mpaka wetu wa presha ya juu, na ameshaingia kwenye daftari lako kama mgonjwa.

Mwaka 1987 watu wale wale waliripoti kwamba muuguzi akiingia badala ya daktari, presha hupanda pia, ila karibu nusu yake. Nawaona wauguzi wa zamani pale nyuma mnapigana viwiko. Tulieni. Nusu ya 27 bado inamvusha mtu wa 130.

Sasa, huyo daktari alimfanya nini mgonjwa? Hakumchoma sindano. Aliingia tu, na uso, na sauti, na ile hali ya mtu mwenye habari mbaya mfukoni. Mwili wa mgonjwa ukasoma hayo yote na kujibu: neva zikauharakisha moyo, mishipa ikabana, tezi zilizo juu ya figo zikamimina adrenalini. Hakuna ruhusa iliyoombwa kwa mwenye mwili. Mtu anakuambia "Sista, mimi siogopi," na anasema kweli, kwa sababu yeye mwenyewe hajapashwa habari bado.

Tufanye mchezo mdogo. Mgeukie jirani yako. Aliye upande wa kulia akunje uso kama mtu aliyenyimwa chenji na makanga. Aliye kushoto, kazi yako ni kubaki na uso mkavu, kama ukuta. Haya.

(Hapa ukumbi uliangua kicheko, na hakuna hata mmoja aliyebaki ukuta.)

Mmeona? Kule Uppsala, Sweden, mwanasaikolojia Ulf Dimberg alilifanya jambo hili kwa waya. Aliwabandika watu vipokezi vidogo vya umeme usoni, vingine juu ya nyusi pale tunapokunja uso, vingine shavuni kwenye msuli unaovuta pembe ya mdomo tunapocheka. Akawaonyesha picha za nyuso. Kwa uso wenye hasira, msuli wa nyusi za mtazamaji uliamka. Kwa uso wa furaha, msuli wa shavu uliamka. Mambo haya hutokea hata nusu sekunde haijaisha, tena mara nyingi kidogo mno, huwezi kuyaona kwa macho. Waya ndio unaoyanasa. Hiyo ilikuwa kazi ya mwaka 1982.

Mwaka 2000 yeye na wenzake wakaenda mbali zaidi. Gawa sekunde moja mafungu elfu moja, chukua mafungu 30. Kwa muda huo tu walionyesha uso wa hasira au wa furaha, na papo hapo wakaufunika kwa uso usio na hisia yoyote. Watazamaji waliona huo wa mwisho peke yake. Lakini misuli yao ilijibu ule ambao hawakujua wameuona.

Ndiyo maana huwa siamini mhamasishaji anayeniambia, "Nilikuwa na hasira lakini sikuionyesha." Uliionyesha, mama. Uliionyesha ulipokuwa ukiinama kupita chini ya kamba ya nguo, kabla hujasema hodi.

Na usidhani ukifika usiku, au ukampigia mtu simu, umeponea. Mwaka 1998 watafiti wa Finland waliwasikilizisha watu sauti zenye hisia, bila sura. Sauti ya hasira ikaamsha ule ule msuli wa nyusi wa msikilizaji. Kwa hiyo unapompigia mama wa watu kumwuliza kwa nini hakwenda kliniki, yeye yuko Nyalenda na wewe uko Kondele, na uso wake umeshajikunja kwa sauti yako.

Sauti hii inatoka wapi? Kooni kuna nyuzi mbili. Za mwanamume hutetemeka mara mia na kitu kwa sekunde anapozungumza, za mwanamke karibu mara mia mbili. Misuli inayozishika inaendeshwa na matawi ya neva inayoitwa vagasi, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayoteremka hadi kwenye moyo na tumbo. Tawi lake moja la upande wa kushoto lina safari ya ajabu: linashuka kifuani, linapita chini ya ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, kisha linapanda tena hadi kooni. Sauti ya binadamu imepitia kifuani kabla ya kufika mdomoni! Mtu akiogopa, misuli ya koo hukaza, nyuzi huvutika, sauti hupanda na kuwa nyembamba. Wazee walioishi bila vitabu hivi walisema "moyo umemfika kooni," na sijaona cha kuwasahihisha.

Hapa kwetu mnaijua nduru. Usiku wa manane jirani akipiga "Uuwi!", unajikuta umesimama mlangoni na panga au mwiko wa ugali, na hujui umetokaje kitandani. Mwaka 2015 Luc Arnal na wenzake walichunguza ni nini kilichomo ndani ya ukelele. Si ukubwa wa sauti peke yake, maana spika za matatu ni kubwa zaidi na watu wanalala. Ni ule mkwaruzo. Tunapozungumza kwa kawaida, nguvu ya sauti hupanda na kushuka mara nne au tano hivi kwa sekunde, kadiri ya silabi. Ukelele hupanda na kushuka kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde, na sikio huusikia kama kitu kinachoparuza. Mkwaruzo huo huiamsha amigdala, sehemu ndogo ya ubongo yenye umbo la lozi ambayo kazi yake mojawapo ni kubisha hodi kwa mwili wote kunapokuwa na hatari. Kengele nyingi za tahadhari nazo hukwaruza vivyo hivyo. Na mtu anayefoka, hata bila kupiga kelele nyingi, huwa ametia kidogo ya mkwaruzo huo katika sauti yake. Mnajua walimu wa namna hiyo. Mimi nilikuwa muuguzi wa namna hiyo.

Mnafanya kazi katika mji wa lugha nyingi. Ploti moja ina Mjaluo, Mluhya, Mkisii, na Mnubi aliyezaliwa Kibos. Kuna mliyeniandikia kikaratasi kuuliza: kama hatuelewani lugha, sauti itafika? Jibu langu ni ndiyo, lakini si yote. Mwaka 2010 Disa Sauter na wenzake walichukua sauti zisizo na maneno, yaani vicheko, miguno na mayowe, wakawasikilizisha Waingereza na pia Wahimba wa vijijini kaskazini mwa Namibia, kila upande ukisikia sauti za upande wa pili. Hasira, woga, huzuni, kinyaa, mshangao na kicheko cha kufurahishwa vilivuka. Baadhi ya sauti za mambo mazuri, kama ya mtu aliyefaulu jambo, hazikuvuka vizuri. Naona hilo ni la kuwatahadharisha. Ukali wako utaeleweka hata Namibia, lakini upole wako huenda ukahitaji kufundishwa namna ya mahali. Na kusonya, wenzangu! Wengine mnasonya bila kujua, mashine ikigoma, simu ikikwama. Mwenye nyumba hajui unaisonyea simu.

Sasa nije kwa jambo ambalo ningetaka mlibebe kuliko mengine yote.

Mnakwenda kwenye nyumba, mnamkuta msichana mjamzito, miaka 17, amekaa kwenye stuli karibu na jiko. Mama mkwe yuko kwenye kochi. Unamwuliza msichana: hedhi ya mwisho lini? Kimya. Umekwenda kliniki mara ngapi? Kimya. Anaangalia sakafu. Wewe una nyumba mia za kuzungukia, na jua limeshapanda. Unasema, "Wewe binti, una kiburi?" Nimewahi kuyasema maneno hayo. Mnaoangalia kando, najua nanyi mmeyasema.

Mwaka 2010 Karin Roelofs na wenzake, Uholanzi, waliwasimamisha watu juu ya bamba linalopima jinsi mwili unavyoyumba. Binadamu akisimama huyumba kidogo kidogo daima, hata askari wa gwaride. Wakawaonyesha picha za nyuso. Nyuso zenye hasira zilipotokea, kuyumba kulipungua na mapigo ya moyo yakashuka. Waliganda, kama swala aliyesikia kijiti kikivunjika. Ni picha tu zile, za watu wasiowajua na wasioweza kuwafanya lolote.

Huyo msichana hana kiburi. Ameganda. Uso wa kwanza uliomgandisha pengine ni ule wa kwenye kochi, na wewe umeingia na wa pili. Ukimwongezea sauti, anazidi kuganda, na unaandika kwenye simu "amekataa kushirikiana". Na angalieni mtego: mapigo yake kwa sekunde hizo yanaweza kuwa ya polepole. Tumezoea kusema mwoga ni yule ambaye moyo unamwenda mbio. Mapigo yaliyotulia si ushahidi kwamba mwenye moyo ametulia.

Nilijifunza, kwa kuchelewa, kufanya kitu kidogo. Naomba maji ya kunywa. Msichana anasimama, anakwenda kuchota, mwili unapata kazi ya kufanya. Akirudi nampokea kwa mikono miwili, nakunywa taratibu, naanza na swali lisilo na jibu baya: hii sufuria mmenunua Kibuye? Au namwomba mama mkwe, kwa heshima zote, anionyeshe kile choo kipya alichokisifia, huku mwenzangu akibaki ndani. Mnacheka, lakini choo hicho kimenipa majibu mengi kuliko fomu.

Kuna mgonjwa mmoja wa Marekani anayejulikana vitabuni kwa herufi mbili tu, S.M. Ugonjwa adimu uliiharibu amigdala yake pande zote mbili. Ralph Adolphs na wenzake waliandika mwaka 1994 kwamba hakuweza kutambua woga katika uso wa mtu. Kila mtu akadhani jambo limekwisha: kifaa kimeharibika. Mwaka 2005 wakagundua kitu rahisi hadi kinauma. Huyo mama hakuwa akiyaangalia macho. Walipomwambia aangalie macho, alitambua woga kama watu wengine. Wasipomkumbusha, alirudi kwenye mazoea.

Ninyi amigdala zenu ni nzima, Mungu ashukuriwe. Lakini nimewafuata njiani wiki hii, na nimeona mhamasishaji anayemhoji mtu kuanzia hodi hadi kwaheri akiitazama simu. Najua programu inataka ijazwe, na msimamizi ataona kama hujajaza. Basi jaza. Ila swali liulize ukimtazama, kisha ndipo uandike.

Kuna mmoja ameniuliza kabla hatujaanza: kwa hiyo tutabasamu? La. Tabasamu la kulazimishwa lina ushahidi dhidi yake tangu mwaka 1862, wakati daktari Mfaransa Duchenne alipotumia umeme kuichezesha misuli ya uso na kuonyesha kwamba mdomo unaweza kutii amri huku macho yakigoma. Na wale wanaowaambia kwamba ukibana kalamu kwa meno utakuwa na furaha, wanatoa hadithi ya jaribio la mwaka 1988. Mwaka 2016 maabara 17 zilirudia jaribio hilo na matokeo hayakupatikana. Mambo ya uso bado yana ubishi. Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia tafiti nyingi mno na kuonya kwamba huwezi kumtazama mtu uso ukadai umejua anahisi nini. Mtu hukunja uso akiwa na hasira, na hukunja pia akifikiri, au akiwa na kichwa kinachogonga. Jua la Kisumu la saa saba likikupiga machoni, nawe utafanana na mwenye deni. Kwa hiyo msianze kuwa wapiga ramli wa nyuso za watu. Mwili wa mgonjwa unakosea kuusoma uso wako vile vile: aliyeona umekunja uso hajui ni jua.

Msinielewe vibaya pia kuhusu namba. Asitoke mtu hapa akaenda kumwambia bibi mwenye 160, "Hiyo ni woga tu, dani, nenda ukalale." Namba ikibaki 140 kwa 90 au zaidi baada ya kutulia, mpeleke kituoni ikathibitishwe siku nyingine. Ikiwa 180 kwa 120 na kichwa kinauma, au macho yanaona ukungu, au kifua kinabana, hakuna cha kungoja wala cha kuomba maji. Tafuta boda sasa hivi. Mjamzito ambaye namba zake zimepanda apelekwe siku hiyo hiyo. Woga unaweza kuongeza namba, lakini haumkingi mtu na kiharusi.

Ninachowaomba ni dakika tano. Mtu akae, mgongo umeegemea, miguu yote miwili sakafuni, asiipishanishe. Mkono juu ya meza au mto, usawa wa moyo. Mkanda juu ya ngozi, si juu ya sweta. Na wote wawili mnyamaze, kwa sababu hata kuzungumza kunapandisha presha. Baadaye pima, ngoja dakika moja, pima tena. Mtaniambia hamna dakika tano. Nyumba mia, najua. Lakini ile rufaa niliyotaka kumwandikia mzee wa Dunga ingemgharimu siku nzima ya ziwa, nauli ya kwenda na kurudi, na pengine dawa za maisha.

Mashine ziko mezani pale mbele. Tugawane wawili wawili, yule jirani uliyemkunjia uso ndiye mwenzako. Kwanza mpime sasa hivi, jinsi mlivyo na kelele zenu, uandike. Halafu tutanyamaza dakika tano, nimeweka saa, kisha mtapima tena na kuziweka namba mbili ubavu kwa ubavu. Baba uliye karibu na dirisha, naomba uzime hiyo simu.